Arifa Isiyokuja

Kijiwe chao kipo mbele ya duka la kinyozi, chini ya kipande cha bati kilichorefushwa ili wateja wasisubiri juani, na ambacho siku hizi kinawafunika zaidi wale wasiosubiri chochote. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali. Upande wa ndani hukaa Waziri, mzee wa maneno ambaye hajapata kuwa waziri wa kitu chochote, ila hujibu kila salamu kana kwamba ameulizwa bungeni. Katikati hukaa Kinyozi mwenyewe, kitana kimechomekwa nyweleni, sikio moja kwa mteja na jingine kwa ubishi. Mbele yao, kwenye jiko la mkaa, Mama Birika huchemsha kahawa na kuwagawia maneno makali pamoja na vikombe. Na ukingoni kabisa, pale ubao unapocheza, siku hiyo alikaa Pepe, fundi kompyuta wa kampuni ya maji ya mji ule, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi kama la bwana harusi. Harusi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kikao cha nidhamu, saa nane mchana, na kikao hicho kiliitwa ili aulizwe kwa nini mji mzima ulikaa siku mbili bila maji, naye asimwambie mtu.

— Umependeza, bwana, — alisema Kinyozi. — Mtu akienda kufukuzwa, na apendeze.

— Sijafukuzwa.

— Kwani nimesema umefukuzwa? Nimesema umependeza.

— Mwache anywe, — alisema Mama Birika. — Mwanangu, shika kikombe. Hiyo ni kahawa ya maji ya jana. Ya juzi hatukuipika, na wa kumshukuru tunamjua.

Pepe alipokea kikombe, akainamisha kichwa. Maneno ya namna hiyo alikwisha kuyazoea tangu maji yakatike, na hayakukoma yaliporudi. Juzi binti yake alirudi kutoka foleni ya kisimani na ndoo nusu. Wenzake walimtoa kwenye mstari, wakamwambia akanywe ya baba yake. Mtoto hakulia. Aliitua ndoo mlangoni, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia: baba, ni wewe uliyefunga? Pepe alikwisha kusikia matusi ya watu wazima, yakaingia huku yakatokea kule. Swali lile liliingia likakaa.

— Mimi kama kiongozi, — alianza Waziri, akajinyoosha mpaka ubao ukalia, — naomba maelezo. Wananchi wanauliza. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Maji hayakumwagika, mzee. Yalikosekana.

— Ndiyo maana hayakuzoleka. Endelea.

— Nimeeleza jana hapa hapa.

— Jana ulieleza kwa lugha ya mitambo. Leo eleza kwa lugha ya watu.

Pepe alivuta pumzi. Tangu asubuhi alikuwa akiyapanga maneno yake njiani, akiyahesabu kama shairi, mstari juu ya mstari, ili saa nane yamtoke bila kukwama. Akaona ayajaribu hapa kwanza. Kama Waziri ataelewa, hata Mkurugenzi wa kampuni ataelewa.

— Haya. Kule ofisini kuna chumba, ndani ya chumba kuna sanduku moja la chuma. Kompyuta kubwa. Ndani ya sanduku hilo kuna kompyuta nyingine nyingi ambazo huwezi kuzigusa. Zimetengenezwa kwa programu tu. Ndizo tunaziita mashine pepe.

— Ndipo jina lako lilipotoka, — alisema Kinyozi. — Mwenzenu anatunza mashine zisizokuwepo.

— Zipo. Fikiria nyumba ya kupanga. Nyumba moja, wapangaji wengi, na kila mpangaji akifunga mlango wake anajiona mwenye nyumba. Mashine moja inaandika ankara. Moja inapokea malalamiko yenu. Moja ndiyo inayoziamrisha pampu zipandishe maji kwenye tangi la mlimani. Ikifa hiyo, pampu zinakaa zinasubiri amri. Tangi linaendelea kushuka, nyinyi mnaendelea kuoga, na baada ya nusu siku bomba zinakauka.

— Na ikafa, — alisema Mama Birika.

— Ikafa.

— Nawe ukawa umelala.

— Sikulala, mama. Sikuambiwa. Kuna mashine nyingine, kazi yake ni kuziangalia hizi zote. Ofisini tunaiita Mlinzi. Mwenzake akizimika, akizidiwa, akijaa, Mlinzi anatuma arifa. Inakuja hapa kwenye simu: fulani ameanguka. Nikiipata, hata niwe msalani, ninakimbia.

— Ikaja, — alisema Waziri.

— Haikuja.

— Mkurugenzi wako anasema ilikuja. Yule karani wa ankara alisema hapa, akinyolewa.

— Mkurugenzi hajui. Anasema mashine haiwezi kufa bila arifa, kwa sababu tulivyoahidiwa ni kwamba ikifa itatuma arifa. Kwa hiyo arifa ilikuja, mimi nikaifuta. Ameagiza niende na simu, waikague. Niambieni nyinyi, mtu anaonyeshaje ujumbe ambao haukuja? Nitawafungulia mahali patupu niwaambie, haya, wakuu, tazameni, haupo hapa?

Sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. Kipofu mmoja wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akiuza karanga aligeuza uso upande wao.

— Kwa hilo nina uzoefu, — alisema Kinyozi, na akaacha kabisa kumtazama mteja wake aliyekuwa kitini ndani, nusu kichwa. — Arifa haikufutwa wala haikukosekana. Imekwama. Ipo hewani. Mimi niliwahi kumwandikia binti mmoja kwamba nitapeleka wazee. Ujumbe ukafika ana mtoto wa pili. Akanijibu asante kwa salamu. Unafikiri ujumbe ule ulikuwa wapi muda wote huo?

— Hukuutuma, — alisema Mama Birika. — Uliogopa, ukautuma ulipoona hakuna hatari.

— Nilituma. Nasema hivi: kampuni za simu zinazo ghala. Ujumbe wa maana unawekwa ghalani, wa upuuzi unapita. Wakikutumia tangazo la bahati nasibu limechelewa hata siku moja?

Mteja mwenye nusu kichwa alisema kutoka ndani kwamba hilo ni kweli.

— Mmeona. Siku yoyote arifa ya Pepe itafika. Itamkuta anauza nyanya.

— Hapana, — alisema Waziri. — Hapana, hapana. Mnalichukulia jambo hili kienyeji. Jiulizeni: maji yalipokatika, nani alicheka? Wenye magari ya maji. Magari yao yalikuwa yamejaa kabla bomba hazijakauka. Walijuaje? Kwa sababu arifa ilitumwa, wakaidaka. Wana waya juu ya paa. Ile mnayodhani ni ya kuanikia nguo. Arifa ikipita, inanasa. Wakati mwenzenu hapa anasubiri simu ilie, wao wanawasha injini. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hapo mgeni ni nani? — aliuliza Kinyozi.

— Arifa.

— Na mwenyeji?

— Mwenye gari. Si amepona?

Pepe aliweka kikombe chini. Alijua kwamba ukimjibu Waziri umempa kiti. Lakini hasira ikizidi humjibu hata mpita njia.

— Mzee, arifa haikukwama wala haikudakwa. Haikutumwa. Sikilizeni jamani. Mlinzi mwenyewe ni mashine pepe. Na yeye ni mpangaji. Tulimweka humo humo, kwenye sanduku lile lile. Sanduku lilishikwa na joto, feni yake ni mbovu, likazimika lote. Wakafa wote pamoja, na Mlinzi akiwa miongoni mwao. Sasa nyumba ikiungua na mlinzi yumo ndani, nani atapiga kelele?

— Mpangaji hafi jirani yake asijue, — alisema Mama Birika.

— Mama, na jirani alikufa.

— Usinifundishe mimi mambo ya kupanga. Nimepanga vyumba tangu sijaolewa. Ukuta mmoja, bati moja, mwenzako akikohoa unajua amekula nini. Hawa wapangaji wako walijua. Yule wa pampu ndiye mwenye cheo, si ndiyo? Mji mzima unamtegemea. Wengine ni wa kuandika ankara tu. Wakamwonea wivu. Wakakubaliana: huyu akianguka, tunyamaze. Mlinzi naye wakamhonga.

— Wakamhonga nini, mama?

— Umeme. Kwani wanakula kingine?

Kinyozi alicheka mpaka akashikilia mlango. Mteja wake naye alicheka, kisha akauliza kama atamaliziwa leo. Pepe alijikuta anatabasamu, akakasirika kwa kutabasamu.

— Chekeni, — aliwaambia. — Chekeni. Mimi nina mtoto wa kwenda shule na mkwe anayewaambia watu kwamba binti yake ameolewa na bwana maji. Leo jioni nitarudi nyumbani niseme nini? Kwamba nimefukuzwa kwa kutopokea kitu ambacho hakikutumwa na mtu aliyekufa?

— Hebu, — alisema Waziri, safari hii kwa sauti ya chini kidogo. — Kwa nini mkamweka mlinzi ndani ya nyumba anayoilinda? Hilo hata mimi nalihoji, na mimi ni kiongozi.

— Si sisi. Mimi niliomba sanduku la pili, dogo tu, liwekwe ofisi nyingine, Mlinzi akae huko peke yake, atazame kwa mbali. Wakasema hakuna nafasi mezani. Mezani. Pale lilipotakiwa kukaa sanduku lile pana chungu cha maua ya plastiki.

— Maua ya plastiki hayahitaji maji, — alisema Kinyozi. — Mkurugenzi alijiandaa.

— Na si hilo tu. Zamani kila mashine ilikuwa inatuma neno, kila baada ya muda mfupi: nipo. Nipo. Nipo. Mlinzi naye anatuma: nipo. Simu ilikuwa inalia siku nzima, ndiyo, lakini nilikuwa nikishika mfukoni nasikia mji unapumua. Neno likikosekana mara mbili tu, najua. Sasa Mkurugenzi naye akataka awekwe kwenye orodha ya wapokeaji, aonekane anafuatilia. Tukamweka. Akaenda msibani kwa wakwe zake. Katikati ya dua simu yake inalia: nipo. Nipo. Nipo.

— La haula, — alisema Mama Birika, akaziba mdomo kwa kiganja.

— Aliporudi akatukusanya. Akasema mtu mzima hapigi hodi kila saa kueleza kwamba anapumua. Akaamuru neno lile lifutwe. Tangu siku ile arifa zinatumwa kwa tatizo tu. Kukiwa kimya, ni salama. Akabandika karatasi ukutani: Kimya ni Uzima. Kwa herufi kubwa. Mtu akipita anaisoma kama dawa ya kunywa baada ya chakula.

— Na yeye hakuona kitu? — aliuliza Kinyozi. — Si ulisema jana kwamba ana ubao wa taa ofisini kwake?

— Anao. Kioo kikubwa ukutani, kila mashine ina taa yake. Nzima, kijani. Iliyoanguka, nyekundu. Nani anaichora ile picha? Mlinzi. Mlinzi alipokufa picha ikabaki pale pale alipoiacha. Siku mbili mji unakauka, wanawake wanabeba ndoo, hospitali wanachotewa maji kwa ndoo, na yeye amekaa chini ya taa za kijani anasema kwangu kuko shwari. Ndio ushahidi wake huo. Ataniambia: ubao ulikuwa kijani.

Mama Birika alichochea mkaa. Pepe aliona kwamba wameelewa, au angalau wamekasirika, na kwa muda ule kukasirika kwao kulimtosha. Kifua chake kikapoa kidogo. Ndipo Waziri akainua kidole.

— Nimepata, — alisema. — Ndugu zangu, tumekuwa tukiitafuta arifa, kumbe tumtafute mtumaji wa hasira zetu. Naomba kuuliza. Hapa kijiweni, kuna mtu amewahi kumwona Mkurugenzi wa maji?

— Namwona redioni, — alisema Kinyozi.

— Redioni mtu husikika, haonekani. Nauliza kwa macho.

Akawageukia mmoja mmoja.

— Mama Birika?

— Sijamwona.

— Mteja?

— Mimi naona upande mmoja tu, — alisema mteja kutoka ndani. — Hujanimalizia, Kinyozi.

— Mmeona. Mkurugenzi huyu ni pepe. Yumo humo humo sandukuni. Sanduku likizima anazima, likiwaka anawaka na karatasi mpya ya kubandika. Ndiyo maana aliona kijani. Yeye ni mmoja wa taa. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma, na hili halivumi, kwa hiyo limejaa.

— Limejaa nini? — aliuliza Mama Birika. — Maji hatuna.

— Ndiyo nauliza.

— Mimi namwona kila siku, mzee, — alisema Pepe. — Ana tumbo. Mashine pepe haina tumbo.

— Umeligusa?

Gari jeupe la kampuni ya maji lilisimama mbele ya bati kabla Pepe hajapata la kujibu. Akashuka dada mmoja mfupi, amevaa sare mpya ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Alikuwa dereva mgeni, wiki yake ya kwanza kazini. Aliwaamkia wakubwa shikamoo, akapokewa, akamgeukia Pepe.

— Kaka, nimetumwa nikuchukue. Wamesema saa nane.

— Bado.

— Bado, ndiyo. Nimewahi. Sijaijua vizuri mitaa ya huku, nikaona bora nikukute mapema kuliko nikukose.

— Kaa unywe kahawa, dada, — alisema Waziri. — Ila ujue kwamba hapa tunasikilizwa. Kuna waya juu ya paa.

Dada dereva alitazama juu, akaona kamba na shati limeanikwa, akakaa. Mama Birika akammiminia. Kwa kuwa alikuwa mgeni, kila mmoja alitaka kumweleza yeye kwanza, na kwa muda mfupi maneno yalimwangukia kama nywele sakafuni kwa Kinyozi: ghala la simu, magari ya maji, wapangaji wenye wivu, mkurugenzi asiye na mwili. Yeye alipuliza kahawa yake na kusikiliza, akimtazama kila msemaji usoni. Pepe alikuwa amerudi kwenye mistari yake ya saa nane, akiipanga upya: kwanza nitasema joto, kisha feni, kisha meza, kisha maua.

— Samahani, — alisema dada dereva walipotulia. — Mimi mambo ya kompyuta siyajui, nijue nini, mimi ni wa usukani. Hilo sanduku lililoungua. Limeponywa?

— Halikuungua, lilizimika, — alisema Pepe. — Nililiwasha juzi jioni. Nikaweka na feni ya mezani, ya kwangu ya nyumbani, ipulize pembeni. Mashine zote zikaamka. Jana maji yakarudi.

— Na yule Mlinzi?

— Yumo humo humo. Nilimwomba Mkurugenzi tumtoe. Nikamwomba angalau turudishe lile neno la nipo. Akasema tusiguse kitu mpaka kikao kiishe. Kwanza ajulikane mkosaji, ndipo tutengeneze.

— Kwanza mkosaji, — alirudia Mama Birika, na kahawa ikamwagika kidogo mkaani, ikalia. — Mtoto ana homa, wao wanauliza nani aliyemvua fulana.

— Kwa hiyo hakuna kilichobadilika, — alisema dada dereva.

— Hakuna.

— Na simu yako leo imelia?

— Kwa arifa? Hapana. Tangu jana iko kimya.

— Basi nisaidie hapo tu, kaka. Siku zile mbili ilikuwa kimya, na mashine zilikuwa zimekufa. Leo nayo ni kimya. Sasa hivi, tukikaa hapa, mashine ni nzima au zimekufa?

Pepe alifungua mdomo. Alitaka kusema nzima. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, la kawaida, na alipolitafutia mguu wa kusimamia hakuupata. Alitoa simu mfukoni. Kioo kilikuwa kisafi. Aliitazama kama mtu anayemtazama aliyelala, akivizia blanketi lipande.

— Ni nzima, — alisema Kinyozi. — Si ndiyo? Ingekuwa zimekufa tungesikia.

— Tungesikia kwa nani? — aliuliza Mama Birika.

Kinyozi alimtazama Waziri. Waziri alitazama paa. Alipangusa midomo, akakohoa mara moja, na wote wakangoja methali. Haikuja.

Pepe alipiga ofisini. Simu ya chumba cha mashine iliita, ikaita, ikaita. Wa zamu alikuwa ameitwa ukumbini kupanga viti vya kikao. Akapiga kwa karani wa mlangoni. Karani akaenda kuchungulia kwa Mkurugenzi, akarudi akasema kwa furaha kwamba ubao wote ni kijani.

Kinyozi aliinuka, akaingia dukani, akampita mteja wake hadi kwenye sinki la pembeni anapooshea vichwa. Wakamsikia akizungusha koki. Likatoka kohozi moja refu, likafuata tone, likafuata lingine. Kisha bomba likavuta pumzi kwenda ndani, kama mtu aliyekumbuka jambo akaghairi kulisema.

Kinyozi alitokeza kichwa mlangoni.

— Ndugu yangu, — alisema, — yamekatika tena.

Nusu siku, alifikiri Pepe. Tangi hukauka kwa nusu siku. Sanduku limezimika tangu alfajiri, huku yeye akipiga pasi shati. Alihisi hasira ikimpanda, lakini haikuwa ile ya asubuhi. Hii ilikuwa imenyooka. Ilijua inakokwenda. Mistari yote aliyoipanga ilimtoka kichwani, hakuikimbilia.

Aliinuka, akakunja mikono ya shati lake hadi viwikoni, pasi ikavunjika.

— Twende, dada.

— Ukumbini?

— Chumba cha mashine. Mlango wa nyuma.

— Kaka, mimi nimetumwa nikulete ukumbini. Wiki yangu ya kwanza hii. Wakuu wamekaa wanakungoja. Nikifika bila wewe nitawaambia nini?

— Waulize swali uliloniuliza mimi. Neno kwa neno. Wakilijibu, njoo uniite nitoke humo, nije nifukuzwe.

Dada dereva alimtazama kidogo, akamalizia kahawa yake kwa mkupuo, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

— Na wasipolijibu?

— Basi kaa nao. Kiu itatusaidia kueleza.

— Mwanangu, — aliita Mama Birika gari lilipowaka, — humo unamoingia, kuna mtu anajua umeingia?

— Sasa mnajua nyinyi, mama.

Waziri alisimama, jambo ambalo kijiwe hakikulizoea, akainua mkono wake wa kiongozi. Ubao ulipokosa uzito wake uliinuka upande mmoja, vikombe viwili vikabingirika. Gari lilipokata kona Pepe aligeuka nyuma. Aliona mteja wa nusu kichwa amesimama barabarani na taulo shingoni, kichwa kina povu upande mmoja, akidai maji. Na aliona Mama Birika ameweka kifuniko juu ya pipa lake la maji, akalikalia, akakunja mikono.